Kwa nini Tanga ilishindikana na Normandy ikawezekana

Swali la msomaji: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Tanga. Hapa kwetu habari ya Novemba 1914 inajulikana: Waingereza walikuja na meli tele, wakashuka Raskazone, wakachapwa na jeshi dogo la Mjerumani, wakarudi melini. Juzi nilikuwa nasoma kuhusu Normandy, pwani ya Ufaransa ambako Waingereza, Wamarekani na wenzao, yaani Washirika, walishuka Juni 1944. Safari hii Mjerumani alikuwa na ngome za zege, mabomu ya kutegwa na vifaru, na alikuwa amekaa Ufaransa miaka minne akijiandaa. Ilikuwaje akashindwa kuwarudisha baharini? Na je, ni kweli kwamba kama Hitler angeruhusu vifaru vyake asubuhi ile, wangeshinda?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe, kisha nikueleze limetoka wapi. Jeshi linaloshuka pwani kwa vita lina adui mbaya kuliko bunduki zinazolisubiri, naye ni muda. Siku ya kwanza walioshuka ni wachache, wamelowa, hawana mizinga mizito, na bahari iko mgongoni. Mwenye nchi ana barabara na reli nyuma yake. Kuanzia hapo ni mashindano: nani atajaza watu na silaha mahali pale upesi zaidi, anayeleta kwa meli au anayeleta kwa nchi kavu? Tanga, reli iliishinda meli. Normandy, meli iliishinda reli. Ushujaa, zege, hali ya hewa na makosa ya majemadari vilikuwa na uzito wake, lakini vyote vilifanya kazi ndani ya mashindano hayo.

Tuanze na kwenu. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, HMS Fox, ilifika mbele ya Tanga. Nahodha wake akashuka kumtaka mkuu wa wilaya wa Kijerumani ausalimishe mji, akampa muda wa kufikiri. Muda ukapita bila jibu. Waingereza wakaingia kazi ya kufagia bandari wakitafuta mabomu ya majini ambayo hayakuwapo. Askari wao walikuwa kama 8,000, wengi wao Wahindi waliosongamana melini tangu Bombay, na walianza kuteremshwa Raskazone usiku, kidogo kidogo. Saa zote hizo treni ilikuwa inatembea. Sehemu kubwa ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ilikuwa upande wa Moshi, na Reli ya Usambara ikalileta Tanga behewa baada ya behewa. Ilipofika tarehe 4, siku ya pambano kubwa, mji uliokuwa na ulinzi mdogo sana ulikuwa na watu karibu 1,000, wengi wao askari Waafrika waliofunzwa vizuri na wasiobabaika msituni. Habari ya nyuki waliowavamia askari katikati ya mapigano ni ya kweli, lakini isikusahaulishe treni. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha ufukweni bunduki za mashine, mamia ya bunduki za kawaida na risasi laki 6, ambazo Lettow-Vorbeck aliendelea kuzitumia dhidi yao.

Sasa twende Ufaransa. Waliopanga Normandy walikuwa na jeraha jipya la kujifunzia. Agosti 19, 1942, askari wapatao 6,000, karibu 5,000 kati yao Wakanada, walipelekwa kuuvamia mji wa bandari wa Dieppe, kaskazini mwa Ufaransa. Walikwenda uso kwa uso na bandari yenye ulinzi, bila mizinga ya kutosha ya manowari na bila mabomu mazito kutoka angani. Vifaru vilikwama kwenye kokoto na kuta za ufukweni. Kabla ya saa nane mchana mambo yalikuwa yamekwisha: Wakanada zaidi ya 900 wamekufa na karibu 2,000 wametekwa. Miezi mitatu nyuma, Mei 1942, Waingereza walikuwa wamefanya kinyume chake kule kaskazini mwa Madagaska. Bandari ya Diego Suarez ilikuwa na mizinga inayoangalia mlango wa bahari, basi wao wakashukia pwani ya nyuma, magharibi, wakaiendea kwa miguu. Ikaanguka kwa siku chache. (Septemba mwaka huohuo brigedi ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), hao tunaowaita keya, ilishushwa Majunga kwenda kuteka sehemu ya kisiwa iliyobaki. Walikuwapo wazee wa Afrika Mashariki walioijua kazi ya kushuka ufukweni kabla ya Wamarekani wengi walioshuka Omaha, mmoja wa fukwe za Normandy.)

Somo la Dieppe lilikuwa zito: bandari huipati siku ya kwanza, na ukiipata utakuta imeshavunjwa. Lakini jeshi kubwa bila bandari litakula nini, na mizinga yake itapata risasi wapi? Jibu lililotoka linanishangaza mpaka leo, maana liliamuliwa kwa utulivu kabisa: tutakwenda na bandari yetu. Nitalirudia hilo mbele.

Kwanza walichagua mahali. Ukitazama ramani utaona kwamba njia fupi kutoka Uingereza ni Pas-de-Calais, ambako bahari ina upana wa kilometa kama 34 tu. Kila mtu aliiona, Mjerumani kabla ya wote, na ndiko alikomwaga zege lake kwa wingi na kuliweka jeshi lake lenye nguvu zaidi, Jeshi la 15. Normandy ilikuwa mbali zaidi, lakini bado ndani ya masafa ya ndege za kivita kutoka Uingereza, na fukwe zake zilikuwa pana na imara kiasi cha kubeba magari. Mpango wa awali ulikuwa wa divisheni tatu. Eisenhower, Mmarekani aliyekuwa mkuu wa majeshi yote ya Washirika, na Montgomery, jemadari wa Kiingereza aliyeongoza majeshi ya nchi kavu, walipoupokea mwanzoni mwa 1944 walisema hazitoshi, wakataka tano kutoka baharini na tatu kutoka angani, na eneo la kushukia lililoenea kilometa karibu 80. Hilo likalazimu tarehe isogezwe kutoka Mei hadi Juni ili vyombo vya kuteremshia askari vipatikane.

Kisha wakamdanganya adui, na hapa ndipo alipopigwa changa la macho lililomgharimu kuliko zege lote alilomwaga. Kusini-mashariki mwa Uingereza, mkabala na Calais, liliundwa jeshi la uongo. Lilikuwa na mahema, vifaru vya mpira, mawasiliano ya redio ya kutwa nzima, na jemadari wa kweli, George Patton, ambaye Wajerumani walimheshimu na kumwogopa. Majasusi wote ambao Ujerumani ilidhani inao Uingereza walikuwa tayari mikononi mwa Waingereza. Mmoja wao, Mhispania Juan Pujol, aliyepewa jina la siri Garbo, aliunda mtandao mzima wa wapasha habari ambao hawakuwahi kuzaliwa. Tarehe 9 Juni, siku tatu baada ya mashambulizi kuanza, alituma ujumbe kwamba Normandy ni chambo tu na pigo lenyewe litakuja Calais. Akaaminiwa. Jeshi la 15 likaendelea kukaa Calais kwa wiki nyingi likisubiri watu ambao hawakuwapo, huku vita vikiamuliwa umbali wa safari ya siku moja ya gari.

Jambo la tatu ni reli, na hili ndilo linalonirudisha kwenye swali lako. Kwa miezi kadhaa kabla ya Juni, ndege za Uingereza na Marekani zilipiga stesheni, karakana za vichwa vya treni na madaraja. Kufikia siku ya mashambulizi, madaraja ya mto Seine kutoka Paris hadi baharini yalikuwa karibu yote yameanguka. Wafanyakazi wa reli wa Kifaransa na wapiganaji wa siri nao walifanya yao: bolti zikalegezwa, reli zikalipuliwa, nyaya za simu zikakatwa. Kazi hiyo haikuwa safi. Mabomu ya reli yaliua maelfu ya raia wa Ufaransa, watu waleule waliokuwa wanakwenda kukombolewa, na Churchill mwenyewe alisita sana kabla ya kukubali. Simtetei wala simhukumu hapa, ila hesabu hiyo lazima itajwe, kwa sababu ndiyo iliyolipia muda ambao askari wa ufukweni waliupata.

Tazama matokeo yake. Divisheni ya 2 ya vifaru ya SS, jeshi la chama cha Nazi, ilikuwa kusini mwa Ufaransa, karibu na Toulouse. Kwa treni za kawaida ingefika Normandy kwa siku chache. Ilichukua zaidi ya wiki mbili kufika yote, ikipigwa angani na kuviziwa barabarani, na njiani tarehe 10 Juni askari wake waliwaua watu zaidi ya 600 katika kijiji cha Oradour-sur-Glane, wanawake na watoto wakichomwa ndani ya kanisa. Treni iliyotoka Moshi mwaka 1914 ilifika. Treni za Ufaransa za 1944 hazikufika.

Wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo nitakueleza habari ya maji bila kuzunguka. Normandy ina bamvua kubwa: tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 6 hivi, na yakipwa, mchanga wa Omaha hubaki wazi mamia ya mita. Rommel, jemadari wa Kijerumani aliyekabidhiwa ulinzi wa pwani hiyo mwishoni mwa 1943, aliamini adui atakuja maji yakiwa yamejaa ili asitembee sana mchangani chini ya risasi. Basi akapanda msitu wa vizuizi kati ya alama ya maji kupwa na maji kujaa: magogo yaliyoelekezwa baharini na bomu kwenye ncha, mageti ya chuma, vyuma vilivyounganishwa mfano wa msalaba. Maji yakijaa havionekani, na mashua inajichoma yenyewe. Picha za ndege zikavionyesha vyote. Washirika wakaamua kuja maji yakiwa yamekupwa na yameanza kujaa, ili vizuizi viwe wazi, mafundi wa jeshi wapate nafasi ya kuvilipua, na mashua zikishusha watu zielee tena na kuondoka.

Hapo hesabu ikabana. Marubani na wanajeshi wa miamvuli walitaka mbalamwezi. Manowari zilitaka karibu saa moja ya mwanga ili zione zinachokipiga. Maji yalitakiwa yawe chini muda mfupi baada ya jua kuchomoza. Mwezi mzima wa Juni, siku zilizokutanisha hayo yote ni tarehe 5, 6 na 7. Na kwa kuwa maji hayafiki pande zote za pwani hiyo kwa saa moja, Wamarekani wa upande wa magharibi, fukwe za Utah na Omaha, walipangiwa saa 12 na nusu asubuhi, ilhali Waingereza na Wakanada wa Gold, Juno na Sword walisubiri karibu saa nzima zaidi.

Tarehe 4 bahari ilichafuka vibaya. James Stagg, mkuu wa wataalamu wa hali ya hewa, alimshauri Eisenhower aahirishe, na meli zilizokwisha kutoka zikarudishwa. Jioni hiyo Stagg akaja na habari nyingine: vipimo kutoka baharini magharibi, vikiwemo vya kituo cha Blacksod nchini Ireland, vilionyesha utulivu mfupi unakuja. Eisenhower akasema waende tarehe 6. Wajerumani hawakuwa na vituo vya kutosha upande huo wa Atlantiki, na kwao ile hali ya hewa ilimaanisha hakuna atakayekuja. Rommel alikwenda kwao Ujerumani kwa siku ya kuzaliwa ya mkewe. Makamanda kadhaa wa Normandy walikuwa wameitwa Rennes kwa mazoezi ya vita kwenye ramani. Kama Eisenhower angeahirisha tena, tarehe iliyofuata kwa hesabu ya maji ilikuwa karibu na 19 Juni, na siku hiyo ilipiga dhoruba mbaya kuliko zote za majira hayo.

Meli na vyombo karibu 7,000 vilivuka usiku ule. Muda mfupi baada ya saa 6 usiku, wanajeshi wa nyiringa, zile ndege zisizo na injini, walitua kando ya daraja la mfereji wa Caen na kulikamata kwa dakika chache. Upande wa magharibi Wamarekani wa miamvuli walitawanyika ovyo gizani, wengine wakazama kwenye mashamba yaliyofurishwa maji, lakini kutawanyika kwao kukawachanganya Wajerumani wasijue pigo liko wapi.

Ufukweni mambo hayakufanana. Utah, mkondo wa maji uliwasukuma kama kilometa 2 kusini mwa mahali palipopangwa, pakatokea kuwa na ulinzi hafifu. Jenerali Theodore Roosevelt Jr., mtu mzima wa miaka 56 anayetembea na mkongojo, aliangalia huku na huku, akaamua vita vianzie hapohapo. Divisheni yake ilipoteza watu kama 200 tu, waliokufa na waliojeruhiwa.

Omaha ilikuwa habari nyingine, na nataka uione kwa karibu kwa sababu ndiyo sehemu iliyokaribia kuwa Tanga. Ndege 329 za mabomu zilipita juu ya mawingu. Kwa kuogopa kuwapiga wenzao majini zilichelewa sekunde chache kuachia, na mabomu yote yakaangukia mashambani, nyuma ya ngome. Vifaru vilivyovikwa turubai ili vielee viliteremshwa mbali mno na pwani kwenye mawimbi makubwa. Upande mmoja, kati ya 29 vilivyotiwa majini, 27 vilizama, vingine na watu wake ndani. Askari walikuwa wametapika tangu alfajiri. Mashua zao za mbao zilikuwa na mlango wa mbele unaoshuka kama daraja, na mlango uliposhuka, bunduki za mashine za mlimani zilikuwa zimeshaulenga. Waliruka kwenye maji ya kifuani wakiwa na mzigo wa kilo 30 na zaidi. Walionusurika walijificha nyuma ya vizuizi, na maji yakaendelea kujaa nyuma yao, yakiwachukua majeruhi waliokuwa hawawezi kutambaa. Mbele kulikuwa na ukingo wa kokoto, na nyuma ya ukingo huo wakarundikana mamia, redio zimelowa, maofisa wengi wamekufa. Jenerali Bradley, kamanda wa Wamarekani walioshuka, akiwa kwenye manowari yake na habari za vipande vipande, alianza kufikiria kuwapeleka waliobaki kwenye fukwe nyingine.

Mambo mawili yaliwaokoa. Kwanza, makundi madogo ya watu kumi, ishirini, yaliacha kungoja amri. Njia za mabondeni zilikuwa zimefungwa kwa zege na mabomu ya kutegwa, basi wakaupanda mlima penyewe, katikati ya ngome, ambapo mlinzi hakutarajia mtu apite, wakazifikia ngome kwa nyuma. Pili, manowari ndogo za mwendo kasi zilikuja karibu mno na nchi kavu, nyingine chini ya mita 1,000, zikihatarisha kukwaa mchanga, zikaanza kupiga tundu moja moja la ngome. Askari wa chini hawakuwa na redio ya kuzungumza nazo. Palipoonekana kifaru kinapiga mahali fulani, manowari nayo ikapiga hapohapo. Hadi usiku watu kama 34,000 walikuwa wameshuka Omaha, na zaidi ya 2,000 walikuwa wamekufa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Kwa fukwe zote tano na wale wa angani, waliofika siku hiyo ni takriban 156,000. Waliokufa upande wa Washirika, waliohesabiwa kwa majina, ni 4,414.

Kwa hiyo jioni ya tarehe 6 walikuwa na nini? Vipande vya pwani ambavyo bado havijaungana vyote, na mji wa Caen, ambao ulipangwa kutekwa siku ileile, ulibaki mikononi mwa adui zaidi ya mwezi mmoja. Mtu angesema wamefeli mtihani. Lakini mashindano ya kujaza ndiyo kwanza yalikuwa yameanza, na humo walikuwa mbele.

Nilikuahidi habari ya bandari. Kuanzia siku zilizofuata, masanduku makubwa ya zege, mengine yenye uzito wa tani 6,000, yalivutwa kutoka Uingereza na kuzamishwa mbele ya Arromanches na mbele ya Omaha, pamoja na meli kuukuu zilizozamishwa makusudi, ili kuvunja mawimbi. Ndani yake yakaunganishwa magati yanayopanda na kushuka na maji, na barabara za chuma zinazoelea mpaka nchi kavu. Dhoruba ya tarehe 19 hadi 22 Juni iliivunja kabisa ile ya Wamarekani. Ya Arromanches ilisalia, na mabaki yake yanaonekana baharini mpaka leo.

Jambo ambalo watu hawalizungumzii sana, nami naliona kubwa kuliko hata masanduku yale, ni lile la ufukwe mtupu. Meli za LST, za kubeba vifaru, zina sehemu ya chini bapa. Wanamaji waliogopa kuziacha zikapwelewa, wakidhani mgongo utavunjika. Walipojaribu wakaona zinahimili. Basi ikawa meli inaingia maji yakiwa yamejaa, maji yanapwa, inabaki imekaa mchangani, inafungua mlango, malori yanatoka makavu, na maji yakijaa tena inaelea na kwenda zake, kama majahazi ya boriti yalivyokuwa yanapakua pwani zetu kabla ya gati. Ndiyo maana hata baada ya dhoruba kuivunja bandari ya Omaha, shehena iliendelea kupita. Hadi tarehe 11 Juni walikuwa wamefika watu 326,000 na magari 54,000. Mwisho wa Juni watu walikuwa 850,000, magari 148,000 na shehena tani 570,000. Bandari ya kweli, Cherbourg, ilitekwa mwishoni mwa Juni, na kama ilivyotarajiwa, Wajerumani walikuwa wameiharibu kwa ufundi mkubwa.

Upande wa pili, Mjerumani alikuwa analeta divisheni moja moja, zikiwa zimepungua njiani, zikitembea usiku kwa kuogopa ndege. Kila ilipofika ilitupwa mstari wa mbele kuziba tundu, na haikupatikana ngumi moja nzito ya kupiga. Mapigano yalikuwa machungu kwenye vishamba vya Normandy, vilivyozungushiwa matuta na miti minene, na raia wapatao 20,000 wa eneo hilo walikufa kabla hayajaisha. Julai 25 Wamarekani wakapasua upande wa magharibi, Agosti mabaki ya majeshi ya Kijerumani yakabanwa Falaise, na tarehe 25 Agosti Paris ikawa huru.

Hapa sitaki nikuache na picha ya upande mmoja. Normandy ilisaidia kugeuza vita, haikuvigeuza peke yake. Sehemu kubwa ya jeshi la Ujerumani ilikuwa mashariki, ikipigana na Wasovieti, na ilikuwa imeshavunjwa Stalingrad na Kursk mwaka uliotangulia. Juni 22, 1944, wiki mbili tu baada ya Normandy, Wasovieti walianza mashambulizi ya Belarus yaliyoliangamiza kundi zima la majeshi ya Kijerumani ya katikati. Treni za akiba ambazo Hitler angependa kuzileta Ufaransa zilihitajika kule, na za kule zilihitajika Ufaransa. Hilo nalo ni sehemu ya mashindano yaleyale.

Sasa swali lako la pili, la vifaru. Ni kweli kwamba divisheni bora za akiba, ya 12 ya SS na ile iliyoitwa Panzer Lehr, hazikuruhusiwa kusogea bila kibali cha makao makuu ya Hitler, na kibali kilitoka alasiri, karibu saa 10. Nyuma yake kulikuwa na ugomvi wa miezi. Rommel alitaka vifaru vikae karibu na ufukwe kwa sababu alikuwa ameonja ndege za Washirika Afrika Kaskazini na kujua kwamba mchana havitatembea. Mkuu wake, von Rundstedt, alitaka vikae nyuma vikusanyike kwa pigo moja kubwa. Hitler akagawa, kila mmoja akapata visivyomtosha.

Divisheni moja ya vifaru, ya 21, ilikuwa karibu na Caen na ilishambulia siku hiyohiyo, jioni. Vifaru vyake vikakutana na mizinga ya Waingereza vilimani na vingi vikapigwa. Kikosi chake kimoja kilipenya nafasi kati ya Juno na Sword kikafika mpaka baharini. Kisha nyiringa zaidi ya 200 zikapita juu ya vichwa vyao zikileta askari zaidi, wakahofia kuzingirwa, wakarudi nyuma.

Kwa maoni yangu, kibali cha asubuhi kingeongeza vifo, hasa upande wa Sword na Juno, na pengine kingeziweka fukwe hizo katika hali mbaya kwa siku kadhaa. Kuwatupa wote baharini, hapana. Nasema hivyo kwa sababu jaribio hilo lilikwisha kufanyika. Julai 1943 huko Gela, Sisili, vifaru vya Kijerumani vilifika karibu na ufukwe siku ya pili tu, na Septemba 1943 huko Salerno, Italia, divisheni kadhaa za vifaru zilikuwa karibu na zikashambulia kwa nguvu zote kwa siku nyingi. Mara zote mbili mizinga ya manowari ilishiriki kuvisimamisha, kwa sababu kifaru kikishafika mahali pa kuuona ufukwe, nacho kinaonekana na meli. Na Normandy manowari zilikuwa nyingi kuliko Salerno, na anga lote lilikuwa la Washirika.

Kilichoweza kumsaidia Mjerumani kilikuwa mapema zaidi ya asubuhi ile: Jeshi la 15 lihame Calais wiki ya kwanza, na madaraja ya Seine yawe mazima ya kulipitisha.